Mtoto Anataka Kupanda Basi Peke Yake

Ndugu msomaji, ukienda asubuhi kwenye barabara itokayo Lushoto kushuka Mombo, pale Soni, utawaona watoto wamesimama pembeni. Hawasafiri. Wanatazama mabasi tu. Basi likipiga honi, wanapunga mikono. Likipinda kona na kupotea, wanabaki wanasikiliza mlio wake mpaka uishe. Kisha wanakwenda shule au kuchota maji.

Kati ya watoto hao yumo mmoja ambaye hatazami tu. Ameshaanza kuuliza. "Mama, mimi nitapanda basi lini peke yangu?"

Swali hilo limeulizwa katika nyumba nyingi. Mara nyingi jibu lake ni fupi: "Ukikua." Mtoto ananyamaza. Lakini hajaridhika, maana hajaambiwa kukua ni nini, wala hajaambiwa afanye nini ili mama yake aone kwamba amekua.

Leo tuzungumze juu ya jambo hilo. Tutaanza na mama mmoja wa darasa letu la jioni, halafu tutaona namna ya kumwandaa mtoto hatua kwa hatua.

MAMA ALIYEOGOPA

Jioni moja, baada ya somo la hesabu, mama huyo alibaki nyuma. Akaniambia, "Mwalimu, binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la sita. Likizo hii anataka kwenda kwa shangazi yake Korogwe. Anataka kwenda peke yake. Baba yake amekubali. Mimi nimekataa, na sasa hasemi nami vizuri."

Nikamwuliza, "Unaogopa nini, mama?"

Akakaa kimya kidogo. Kisha akanieleza habari ambayo hakuwa amemweleza hata binti yake.

Zamani, kabla hajajua kusoma, aliletewa habari kwamba mama yake mzazi anaumwa Korogwe. Akaondoka peke yake. Gari la kutoka Soni likamshusha Mombo, penye njia panda. Mombo ndipo barabara ya milimani inapokutana na barabara kuu. Ukitoka mlimani, kushoto ni Korogwe, kulia ni Same na Moshi.

Lilikuwapo basi limesimama. Watu wanagombania mlango. Akauliza mara moja tu, mtu akamjibu, "Panda, mama, panda!" Akapanda. Mbele ya basi kulikuwa na kibao chenye maandishi makubwa, lakini kwake yalikuwa michoro tu.

Basi likaondoka. Baada ya muda akatazama nje, akashtuka. Ukienda Korogwe, milima ya Usambara inakuwa upande wako wa kushoto. Yeye aliiona kulia. Akajua amepotea, lakini aliona haya kusema. Akaendelea kunyamaza, na basi likaendelea kwenda. Alishuka Mkomazi jua linazama, hana nauli ya kurudia. Mama lishe mmoja akamhurumia, akampa mahali pa kulala na nauli ya asubuhi.

"Nilifika kesho yake," alisema. "Mama yangu alikuwa ameniuliza usiku kucha. Tangu siku ile sijapanda basi bila mtu wa kunishika mkono. Sasa nimruhusu mtoto?"

Ndugu msomaji, mama huyu hakuwa mkorofi. Alikuwa na sababu. Lakini tuitazame sababu hiyo vizuri. Je, alipotea kwa kuwa alikuwa peke yake? Hapana. Basi lilijaa watu. Alipotea kwa mambo mawili: hakuweza kusoma kibao, na aliona haya kuuliza mara ya pili. Mambo hayo yote mawili mtu anaweza kufundishwa.

KWA NINI MTOTO ANATAMANI

Wazazi wengine husema, "Mtoto huyu ana utundu. Anataka kwenda kuzurura." Pengine si hivyo.

Mtoto wa kijijini hufanya kazi nyingi za kuaminiwa. Huchunga mbuzi. Hulea mdogo wake. Hutumwa dukani na fedha, akaleta chenji sawasawa. Anajua kwamba ana akili. Lakini yote hayo huyafanya mahali ambapo kila mtu anamjua. Basi ni kitu kingine. Ndani ya basi hakuna anayemjua. Hapo ndipo anapotaka kujipima: je, akili yangu inafaa hata nje ya kijiji chetu?

Hamu hiyo ni kitu chema. Ndiyo itakayomsaidia siku atakapokwenda shule ya mbali, au kutafuta kazi, au kumpeleka mgonjwa hospitali. Hamu ni kama maji ya mfereji. Ukiyachimbia njia, yanafika shambani. Ukiyaziba tu, yatatafuta njia yenyewe. Wapo watoto waliokatazwa bila maelezo, wakadandia malori usiku. Huko ndiko kwenye hatari kubwa zaidi.

Lakini hamu peke yake haitoshi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na mzazi ana wajibu wa kumlinda. Kwa hiyo kazi ya mzazi si kukataa tu, wala si kukubali tu. Kazi yake ni kufundisha, halafu kupima, halafu ndipo aruhusu.

JE, AMEKUWA TAYARI?

Hakuna umri mmoja unaowafaa watoto wote. Mtoto mdogo, aliye chini ya miaka 10 hivi, bado hawezi kukadiria vizuri mwendo wa gari wala umbali wake. Analiona gari liko mbali, kumbe limeshafika. Huyo asiachwe kusafiri wala kuvuka barabara kuu peke yake.

Kwa mtoto mkubwa zaidi, usihesabu miaka tu. Tazama mambo haya:

1. Je, anaweza kusoma kibao cha basi na tiketi?
2. Je, anaweza kuhesabu nauli na chenji?
3. Je, ukimtuma hufuata maelezo mpaka mwisho, au husahau njiani akaingia kucheza?
4. Je, anaweza kumwuliza mtu mzima swali kwa sauti inayosikika?
5. Je, anaweza kusema "Hapana, sitaki" kwa mtu mzima asiyemjua?

Jambo la tano ni gumu kwa watoto wetu. Tumewafundisha kuwatii wakubwa, na ni vizuri. Lakini mtoto anayesafiri lazima ajue kwamba heshima ina mpaka. Shikamoo atampa kila mtu. Chakula, soda au pipi ya mtu asiyemjua asipokee. Mtu akimshika mwili kwa namna isiyompendeza, apige kelele, wala asiogope kuitwa mkosa adabu. Mwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba ameruhusiwa.

KUSOMA KIBAO CHA BASI

Kibao cha mbele ya basi hakiandiki kila mahali basi linaposimama. Mara nyingi huandika mwanzo wa safari na mwisho wake. Mtoto anakwenda Korogwe, lakini basi atakalopanda limeandikwa LUSHOTO – TANGA. Asipofundishwa atasema, "Hili silo," aliache liende.

Kwa hiyo mfundishe mtoto njia nzima kwa mfuatano. Kwa safari hii atasema hivi: Soni, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, Tanga. Aikariri kama anavyokariri siku za wiki. Akiijua, atafahamu mambo mawili. Kwanza, basi la Tanga litapita Korogwe. Pili, akisikia watu wanasema "Segera hapa," ajue ameshapitiliza.

Kama inawezekana, safari ya kwanza iwe ya basi moja tu, bila kubadilisha gari njiani. Penye kubadilisha ndipo watu wengi hupotea.

KUSOMA TIKETI

Tiketi si karatasi ya kutupa. Ni mkataba kati ya abiria na mwenye basi. Mtoto aisome yote kabla hajaondoka dirishani: jina lake, anakotoka, anakokwenda, tarehe, saa, namba ya kiti, namba ya gari na nauli aliyolipa. Kukiwa na kosa, aseme palepale.

Namba ya gari lililosajiliwa Tanzania huwa na herufi T, tarakimu tatu, na herufi tatu. Magari ya biashara ya kuchukua abiria huwa na kibao cheupe, na magari ya watu binafsi huwa na kibao cha njano. Mtoto alinganishe namba iliyo kwenye tiketi na iliyo kwenye gari. Zikiwa sawa, apande.

Sasa tuje kwenye saa. Hapa hata watu wazima huachwa na basi. Sisi tunasema saa 12 asubuhi, lakini tiketi inaweza kuandika 06:00. Njia ya kugeuza ni rahisi. Kwa safari za mchana, saa ya tiketi ikiwa 7 au zaidi, toa 6. Tazama:

07:30 ni saa 1 na nusu asubuhi.
10:00 ni saa 4 asubuhi.
14:00 ni saa 8 mchana.

Lakini tiketi nyingine huandikwa kwa saa zetu za Kiswahili. Kwa hiyo usikisie. Uliza: "Hii ni saa ngapi ya Kiswahili?" Kuuliza si ujinga.

Tena, mtoto asafiri asubuhi ili afike jua likiwa bado juu. Mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023. Safari hizo tuwaachie watu wazima.

KUPANDA NA KUSHUKA

Watu wengi huogopa yatakayotokea basi likiwa linakwenda. Wengi hawafikirii hatari ya pale linaposimama.

Hapa kwetu magari hupita upande wa kushoto. Mlango wa abiria uko kushoto, kwa hiyo mtoto akishuka hujikuta pembeni mwa barabara, mahali salama. Taabu inakuja akitaka kuvuka. Akipita mbele ya basi au nyuma yake, haoni gari linalokuja, wala dereva wa gari hilo hamwoni yeye. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 hivi kila sekunde. Huo ni karibu urefu wa mabasi mawili makubwa. Ukitamka "mama!" tu, limeshafika.

Kwa hiyo sheria ni moja: shuka, simama pembeni, acha basi liondoke, tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, ndipo uvuke.

Ndani ya basi mtoto akae karibu na dereva, au karibu na mama mwenye watoto. Asikae kiti cha nyuma kabisa. Asitoe kichwa wala mkono dirishani. Afunge mkanda kama upo. Asilale. Amwambie konda mapema, "Mimi nashuka Korogwe," na akikaribia amkumbushe tena. Akiulizwa na mtu asiyemjua kama yuko peke yake, ajibu, "Nasubiriwa kituoni." Asitaje jina la shangazi wala nyumba yake ilipo.

FEDHA, SIMU NA NENO LA SIRI

Fedha zigawanywe mara mbili. Nauli na fedha ndogo ziwe mfukoni. Fedha za kurudia zishonwe au zifichwe mahali pengine. Asitoe zote mbele za watu.

Namba ya simu ya mzazi na ya anayempokea aziandike kwenye karatasi, tena azikariri kichwani. Simu huisha chaji, na milimani mtandao hukatika. Kichwa hakiishi chaji.

Wewe na mtoto chagueni neno moja la siri. Mtu yeyote akimwambia, "Mama yako amenituma nikuchukue," mtoto amwulize neno hilo. Kama halijui, asiende naye, hata kama anajua jina la mtoto na la baba yake.

Akipata shida, asitoke ovyo nje ya stendi. Aende kwenye ofisi ya tiketi, au kwa askari, au kwa mama lishe mwenye meza yake ya siku zote. Namba 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto, haina malipo. Namba 112 ni ya polisi, kwa jambo la dharura.

WALIVYOFANYA MAMA NA BINTI

Sasa turudi kwa mama yetu. Nilimshauri asikatae wala asikubali kwanza. Nikamwambia, "Nendeni pamoja, lakini binti awe kiongozi. Wewe uwe kama mgeni. Usiseme neno mpaka akosee."

Siku ya safari binti alikata tiketi mwenyewe. Alisoma saa, akatoa 6. Alilinganisha namba ya gari. Kwenye basi alitaja kila mahali kabla hawajafika. Kosa lake lilikuwa moja. Alipofika Korogwe alishuka mbio, akaanza kuzunguka nyuma ya basi ili avuke. Mama akamshika bega. Wakasimama mpaka basi likaondoka. Binti akasema, "Nimekosa, mama. Sitarudia."

Walilala kwa shangazi. Asubuhi binti akamwambia mama yake, "Mama, mimi nabaki siku tatu, ndivyo baba alivyosema. Wewe utarudi na nani?"

Loo! Mama hakuwa amelifikiria jambo hilo. Alikuwa amewaza safari ya mtoto tu. Shangazi akasema atatafuta mtu wa kumsindikiza. Binti akasema, "Shangazi, mama anajua kusoma."

Binti akampeleka mama yake stendi. Hapo palikuwa na mabasi mawili, moja mbele ya jingine. Mama akasimama mbele ya la kwanza. Akasoma herufi moja moja kama tunavyofanya darasani. Kibao kilisema MOSHI. Akaliacha. Akaenda kwa la pili. Akasoma: LUSHOTO. Akamwuliza konda, "Linapita Soni?" Konda akasema linapita. Akauliza tena, mara ya pili, kwa abiria mmoja. Naye akasema linapita.

Akapanda. Binti akabaki chini, anampungia mkono.

Aliniambia, "Mwalimu, nilikaa upande wa dirisha nikaitazama milima. Kutoka Korogwe kupanda, sharti iwe kulia. Ilikuwa kulia. Nikasema, haya, sasa niko kwenye njia yangu."

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tangu hapo watu wengi vijijini wameingia darasani. Wengine huuliza, "Mtu mzima akijua kusoma, atapata nini?" Mama huyu alipata barabara yake.

Siku ya nne binti naye alirudi, peke yake. Shangazi alimpandisha na kupiga simu kutaja namba ya gari. Mama alikuwa amesimama Soni tangu saa 3, ingawa basi lilitazamiwa saa 5. Lilipofika, binti alishuka, akasimama pembeni, akaacha basi liondoke. Akatazama kulia, kushoto, na kulia tena. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara, lakini hakuita. Alimwacha mtoto avuke kwanza.

Ndugu msomaji, siku mtoto wako atakapouliza, "Nitapanda basi lini peke yangu?" usimjibu "Ukikua" ukaishia hapo. Mjibu hivi: "Ukijua mambo haya. Njoo tuanze kujifunza leo."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Mama alipotea kwa sababu gani mbili? Je, umewahi kupotea safarini? Ilikuwaje?
2. Tiketi imeandikwa 08:30. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?
3. Kwa nini ni hatari kuvuka barabara kabla basi halijaondoka?
4. Andikeni majina ya vituo kutoka kijiji chenu mpaka mji wa jirani, kwa mfuatano.
5. Tunawezaje kumfundisha mtoto kukataa jambo baya bila kumwondolea heshima kwa wakubwa?